Mashine ikilia katikati ya Mtera

"Mbukwa fundi. Mashine inalia, haitaki kwenda."

Nyuma ya sauti ya mvuvi unausikia mlio wenyewe, piiii moja ndefu, na mtu wa pili anamwambia mwenzake, "Kata huo waya bwana, twende." Mimi niko Dodoma mjini na mikono ina grisi. Yeye yuko juu ya maji ya Mtera, na kati yetu kuna karibu nusu ya barabara ya kwenda Iringa. Sina la kumsaidia zaidi ya maswali mawili: unalia mfululizo au unakatakata? Na mashine inakojoa, yaani inatema maji ya kupozea nyuma?

Watu wa Pwani hucheka wakisikia Dodoma kuna fundi wa mashine za boti. Wacheke tu. Ruaha Mkuu ulipozuiwa pale Mtera lilipatikana bwawa ambalo likijaa hukaribia kilomita za mraba 660, na perege wa humo ndio tunaowala huku mjini. Panapovuliwa kiasi hicho pana mashine, na penye mashine iko siku italia.

Shida ya king'ora ni kwamba watu hudhani kinasema jambo moja. Kwenye mashine nyingi kilichopo ni kipaza sauti kimoja kidogo, lakini wanaokituma ni wengi. Yupo mpelelezi wa joto, sensa, amekaa kichwani mwa injini. Mashine ya stroki nne ina mwingine wa presha ya oili, na ile ya stroki mbili yenye tangi lake la oili ina boya ndani ya tangi hilo. Baadhi zina boya jingine kwenye filta ya petroli la kukamata maji. Wote hawa wanatumia mdomo mmoja. Kwa hiyo mlio unakuambia kuna mtu ndani amepiga yowe, wala haukuambii ni nani.

Wenye kufafanua ni taa, kama zipo, na mpangilio wa mlio, ambao kila kampuni ina lugha yake. Yamaha za stroki nne hulia mfululizo kwa joto na kwa oili vilevile. Taa ndiyo hutofautisha, na mashine hujibana yenyewe isizidi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ndiyo maana mvuvi anasema haitaki kwenda. Honda wana taa ya kijani inayochanganya watu: ikiwaka, presha ya oili ni nzuri, na ikizimika ndipo uogope. Mercury nyingi hulia mara moja unapofungua swichi, kujipima tu. Pipu nne fupi, kimya kirefu, kisha nne tena, ni jambo la kushughulikia bila kufa moyo. Mlio usiokata maana yake zima.

Suzuki za stroki nne ndizo zimenichekesha kuliko zote. Zina kikumbusho cha kubadilisha oili: baada ya saa 20 za mwanzo, kisha 80, kisha kila saa 100 za kazi, hupiga pipu mbilimbili. Injini haina ugonjwa wowote. Inakumbusha tu, kama mke anavyokumbusha ada ya shule. Niliwahi kuletewa moja iliyofunguliwa hadi kichwa na fundi aliyetafuta ugonjwa siku nzima, na ilichokuwa inadai ni oili mpya na kufutiwa hesabu. Utaratibu wa kuifuta umo kwenye kitabu chake.

Turudi majini. Mlio ukianza hatua ya kwanza ni moja kwa mashine zote: rudisha resi chini, weka nyutro, kisha tazama nyuma kwenye kitundu cha kojo. Hapo ndipo maji yaliyopita kwenye pampu yanapotokea. Kama ni kikavu, au unatoka mvuke, zima mara moja. Kama kojo lina nguvu na mashine ni ya stroki nne, zima pia, kwa sababu sasa mtuhumiwa wa kwanza ni oili, na injini isiyo na presha ya oili haisubiri ufike mwaloni. Shika kasia. Na unapoinua mashine kukagua chini usiingize mkono majini kwa pupa. Mtera ina mamba, na viboko wake hawajali kama mashine imezimika.

Kojo likikosekana, mara nyingi kilichopo ni kitu cha aibu. Majani au mfuko wa plastiki umeziba matundu ya kunyonyea maji kule chini karibu na propela. Unautoa, unawasha, kojo linarudi. Kiangazi bwawa likishuka (kati ya ujazo kamili na kiwango cha chini cha kufulia umeme kuna tofauti ya mita 8 na nusu) boti hupita juu ya tope na visiki vya miti iliyozama zamani, na pampu hunywa udongo. Mchanga huo hula impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji kwenda juu.

Kuna mtuhumiwa mwingine ambaye watu wa Pwani hawamfikirii sana, nyigu. Mashine ikining'inizwa bandani miezi kadhaa, nyigu wa udongo huona kitundu cha kojo ni nyumba ya bure. Unakuja kuwasha, hakuna tone, moyo unakupasuka. Chukua waya mwembamba, chokonoa taratibu. Pampu huenda ni nzima kabisa.

Ikiwa matundu ni safi na nyigu hayupo, impela itolewe. Mpira ukikaa mkavu hukauka na mabawa hubaki yamepinda upande mmoja, hayasukumi tena. Wakati mwingine mpira ni mzima ila pini ndogo inayoushika kwenye shafti imekatika, shafti inazunguka na impela imetulia. Ukiitoa, hesabu mabawa. Nyingi zina sita. Ukikuta manne, mawili yamepanda juu na maji na yamekwama kwenye njia za ndani, na usipoyatafuta impela mpya haitakuponya. Tafadhali, usiwashe mashine nchi kavu "kusikiliza kidogo". Impela hupozwa na maji yaleyale inayoyasukuma, na sekunde chache za ukavu zinatosha kuichoma. Mimi natumia pipa la lita 200 lililokatwa, limejaa hadi matundu ya kunyonyea yamezama vizuri.

Sasa ile sehemu inayowapoteza hata mafundi. Kojo zuri halithibitishi kwamba injini imepoa. Kwenye mashine nyingi maji ya kojo huchepuka kabla ya kufika kwenye thamostati, ile vali inayofunguka maji yakishika joto, kwa hiyo linathibitisha pampu tu. Injini inaweza kuchemsha juu huku chini inakojoa vizuri kama mtoto. Hapo uliza: inalia ikiwa na mwendo gani? Ikilia kwenye mwendo mdogo kisha ikatulia ukiongeza resi, shuku thamostati iliyogoma kufunguka, kwa sababu resi ikipanda presha ya maji husukuma vali ya pembeni na maji yakapata njia nyingine. Ikiwa ni kinyume, kwamba inatulia polepole na kulia ukifungua resi, basi pampu imechoka, au njia zina tope, au ile vali ya pembeni yenyewe haifanyi kazi.

Thamostati hupimwa jikoni. Itumbukize kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, pasha polepole, angalia inaanza kufunguka nyuzi ngapi. Nyingi za stroki nne hufunguka kwenye nyuzi 60 hivi za sentigredi. Kama maji yanakaribia kuchemka na bado imefumba, itupe. Usifanye kama wengi wanaoing'oa na kufunga kava bila kitu. King'ora kitanyamaza ni kweli, lakini injini itakuwa inafanya kazi baridi muda wote, na ubaya wake utakuja kuuona kwenye oili.

Kabla hatujahama kwenye joto, tazama boti yenyewe. Mashine huja na shafti fupi ya boti yenye ubao wa tezi (nyuma inapopachikwa mashine) wa inchi 15, au ndefu ya inchi 20. Boti zetu hutengenezwa na mafundi seremala kwa macho, na kila mmoja ana kipimo chake cha tezi. Ukipachika shafti fupi kwenye tezi ndefu, lile bamba la juu ya propela hubaki juu ya usawa wa chini ya boti, na kila wimbi likipita pampu inameza hewa. Upepo wa mchana ukichafua maji, mashine hulia, hunyamaza, hulia. Mwenye boti amebadilisha impela mara tatu. Dawa ilikuwa msumeno, au shafti ndefu.

Na kwa wanaopeleka boti Singida: maji ya maziwa ya Singidani na Kindai ni ya chumvi na magadi ingawa bahari iko mbali. Suuza mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila safari kama wanavyofanya watu wa Tanga.

Oili. Ukishazima, mashine ikae wima dakika kadhaa ili oili ishuke, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Ikiwa chini ya alama jibu unalo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo safari imekwisha, usiwashe. Kisicho dhahiri ni oili iliyozidi. Unamwaga kiasi sahihi, baada ya mwezi kijiti kinaonyesha imepanda, na mvuvi anafurahi kwamba mashine yake hainywi oili. Kilichopanda ni petroli. Injini ya stroki nne inayotembea polepole kutwa ikifuata nyavu, hasa ile iliyong'olewa thamostati, haipati joto la kutosha. Petroli isiyoungua huteleza kwenye kuta za silinda na kuangukia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, presha inashuka, na siku moja kwenye mwendo mdogo king'ora kinalia ilhali kijiti kinasema oili ni tele. Chovya kidole, nusa. Ikinuka petroli badilisha oili na filta, rudisha thamostati, na kila siku ipe mashine dakika kadhaa za mbio.

Hapo hapo kuna suala la usafiri, letu sisi wa bara. Mashine ya stroki nne husafirishwa wima, au imelazwa upande ule tu ulioelekezwa na kitabu. Ikirushwa kwenye keria ya basi ovyoovyo, oili hutoka mahali pake na kuingia kwenye silinda na kwenye njia ya hewa. Ukifika inatoa moshi kama tanuri la mkaa. Mara hii ya kwanza kuwasha, simamisha wima kwa muda mrefu, pima oili upya, chomoa plagi uone kama zimelowa, ndipo upige stata.

Sasa nifike kwenye waya, yule mtu wa pili kwenye simu. Mara nyingi nakuta umeshakatwa, na mara nyingi mkataji alikuwa na sababu ambayo ukiisikiliza ina mantiki. Chukua mashine ya stroki mbili yenye tangi lake la oili na pampu ya kuichanganya. Mwenyewe hauamini ule mfumo, au pampu ilishakufa, kwa hiyo anachanganya mwenyewe kwenye dumu: nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, ile hamsini kwa moja. Injini inapata oili yake, hakuna neno. Lakini tangi sasa ni tupu, boya limelala chini, nalo linafanya kazi yake kwa uaminifu: linapiga yowe kutwa. Anatafuta waya wa king'ora, anakata. Kimya. Amani.

Hakujua kwamba boya na sensa ya joto walikuwa wanatumia mdomo mmoja. Miezi sita baadaye mfuko wa plastiki unaziba maji, sensa ya joto inapiga yowe, na hakuna anayesikia. Pistoni inavimba, inashika kwenye silinda, mashine inanoki. Nimeipokea ya namna hiyo mezani, kichwa kimegeuka rangi, na waya uliokatwa umefungwa vizuri kwa selotepu, kazi safi kabisa. Kama ni lazima uchanganye kwenye dumu, tenga boya la oili peke yake, kule kwenye plagi yake ya tangini, kwa jinsi ya mashine yako. Modeli nyingine boya hulia likiunganishwa na nyingine hulia likiachwa wazi, ndiyo maana nasema soma kitabu. King'ora chenyewe kiache.

Mlio wa uongo upo pia, sikatai. Kwenye mashine za kawaida zisizo na kompyuta, king'ora hupata umeme wa volti 12 kutoka kwenye swichi, na sensa hukamilisha mzunguko kwa kugusisha waya wake na bodi ya injini. Sensa ya joto hukaa wazi injini ikiwa baridi na hufunga ikichemsha. Kwa hiyo waya ukichubuka popote ukagusa chuma, umeshoti, na king'ora hakijui tofauti ya mchubuko na moto. Dalili yake ni mlio unaoanza ukifungua tu swichi asubuhi, injini baridi kama jiwe. Kwenye stroki nne usichanganye na taa ya oili kuwaka kabla ya kupiga stata. Hiyo ni kawaida kwa baadhi yao, presha bado haijazaliwa.

Kuupata ni kazi ya kuchomoa kimoja kimoja. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa ya joto pale kichwani (Yamaha nyingi ni wa pinki, Mercury nyingi ni wa kahawia nyepesi wenye mstari wa buluu). Mlio ukikata, sensa imekufa ikiwa imefunga, nunua nyingine. Mlio ukiendelea, ama anayepiga yowe ni mwingine, kama boya la oili, ama mchubuko uko njiani kati ya hapo na king'ora. Fuata waya kwa vidole hadi nyuma ya kiboksi cha resi, sana pale unapopinda mashine ikikatwa kushoto na kulia. Panya nao hupenda mpira wa waya bandani. Mashine mpya zenye kompyuta usizifanyie hivi. Sensa zake hupima joto kwa kiwango, na ukichomoa unaiongezea kompyuta malalamiko.

Na kabla ya kuita mlio wa uongo, tema mate. Kweli. Tone la mate kwenye kichwa cha injini likitoweka kwa chwii, chuma kimepita joto la maji kuchemka, na king'ora hakikukudanganya. Injini nzima kichwa chake huunguza kiganja ukikiacha, ila mate hayachwiki.

Petroli yenye maji siimalizii muda. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na filta nyingi za Yamaha zina pete nyekundu ndani ya kikombe cha kuonea: pete ikielea, maji yapo. Mwaga, futa, rudisha, na lile dumu lililoshinda juani na kulala kwenye baridi bila kufunikwa vizuri liangalie upya. Betri vilevile: kutu kwenye vichwa vyake huleta milio isiyo na kichwa wala miguu. Sugua, kaza, pima. Injini ikiwa inachaji usomaji uwe juu ya volti 13 na nusu hivi.

Limebaki swali ambalo mvuvi wa kwenye simu hakuniuliza, kwa sababu mashine yake ilikuwa inalia. Je, yako isiyolia ni nzima, au ni bubu? Nyingi za kuvuta kwa kamba hazina king'ora tangu kiwandani, na mwenyewe lazima awe anageuka kutazama kojo kila mara. Zenye swichi ya ufunguo unaweza kuzipima ukiwa umeketi mwaloni. Fungua swichi, chomoa waya wa sensa ya joto kwenye mashine isiyo na kompyuta, gusisha ncha yake kwenye boliti safi ya bodi ya injini. Inapaswa kupiga kelele hapohapo. Ikikaa kimya anza na fyuzi, halafu king'ora chenyewe, halafu inama chini ya kiboksi cha resi na tochi, utafute selotepu.